Damu ya Doto

Uvimbe ulianza kama punje ya choroko kwenye titi la nyuma la Kulwa. Niliushika, nikauacha. Mbwa anayelala kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hakosi kitu mwilini, leo kajikata na bati, kesho kaungua na oili. Baadaye ukawa kama limau. Mvua za masika zilipokatika ulikuwa umepasuka na unatoa damu, na Kulwa alikuwa ameacha kubweka. Mbwa aliyewatimua wezi wa mawe pale Nyarugusu hadi wakaacha viatu, sasa alilala mchana kutwa kando ya mashine, vumbi linamfunika, kuku wanampita juu.

"Mpige risasi," alisema Chacha. "Unamtesa."

"Bunduki ninayo wapi?"

"Basi mpeleke hospitali."

Alikuwa ananitania. Nikamwambia haya, washa gari.

Chacha ni Mkurya wa Tarime. Ana kirikuu kinachobeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji, na kuvileta kwenye karasha ninayoisimamia, sisi tunasaga, wengine wanaosha dhahabu chini mwaloni. Tulipokuwa tunampakia Kulwa, watu wote wa mwaloni waliacha mabeseni yao wakasimama.

"Maige, mgonjwa ana bima?"

"Mwambie daktari ampe kitanda cha dirishani!"

"Sisi tukiangukiwa na jiwe tunapewa panadoli, mbwa wa Maige anaenda kupasuliwa!"

Niliwaacha wacheke. Hawakujua Kulwa ni nani, na mimi sikuwa na haja ya kuwaeleza.

Mke wangu Limi ndiye aliyempa jina. Mama yao alikuwa mbwa wa barabarani, akakanyagwa na Fuso, akaacha watoto wawili juu ya gunia tupu nyuma ya karasha. Limi aliwanywesha maziwa kwa chupa ya mtoto. Kwetu Wasukuma pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Hakuna aliyeona yupi alitangulia. Limi aliwatazama, akaamua, na ikawa hivyo. Wote majike, wote wekundu, ila Doto ana soksi nyeupe mguu mmoja. Na kwa kuwa ni mapacha, sheria ilikuwa ya mapacha: ukimpa mmoja mfupa, unamtafutia mwenzake mfupa. Akichanjwa huyu, anachanjwa na yule, siku hiyohiyo. Nilimcheka Limi kwa hilo, lakini nilifuata.

Kisha mama mkwe akaugua kwao Mhunze, kule Kishapu, na Limi akaenda kumuuguza. Alimchukua Doto. "Mmoja abaki na wewe, mmoja aende na mimi," alisema. Tulidhani ni mwezi. Mama mkwe alilala zaidi ya mwaka, akafariki, tukamzika. Baada ya matanga Limi akasema avune kwanza pamba. Alipovuna, ng'ombe wa mama hawakuwa na mtu, kaka zake wote wako mijini. Sasa ni mwaka wa nne.

Hatukugombana. Hakuna aliyesema tumeachana. Mimi sikusema rudi, yeye hakusema njoo. Nilimsubiri kama mtu anavyousubiri umeme uliokatika, huuiti kwa jina, unajua tu utarudi, na unakaa gizani.

Kwenye simu tuliongea habari za mbwa. "Doto anakula?" "Anakula. Kulwa je?" "Kaumia sikio." "Basi ngoja nimwangalie Doto sikio." Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu, na baada ya kukata simu nilikuwa nakaa na simu mkononi mpaka kioo kizimike.

*

Kliniki iko Kahama, barabara ya kwenda Isaka, nyumba ya vyumba vitatu yenye bati la kijani. Ukikaa kwenye benchi la nje unakiona kilima cha mawe cha Buzwagi. Mgodi umefungwa, kilima kimebaki.

Daktari wa pale ni Paskalia, rika la binti yetu Loveness. "Shikamoo baba," alisema, na kabla sijamaliza kusema marahaba alikuwa ameshamfunua Kulwa mdomo. Ufizi ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo.

"Baba, huyu hana damu."

"Anayo. Inamwagika kila siku."

"Ndiyo maana hana."

Alimpima uzito, akamsikiliza mapafu kwa muda mrefu, akachukua damu kidogo akaingia nayo ndani. Aliporudi alikaa na sisi kwenye benchi akatueleza bila kuzunguka. Uvimbe unatoka, na titi lote linatoka. Kizazi nacho atakitoa siku hiyohiyo, ili uvimbe usipate nguvu ya kurudi. Mapafu hayana kelele, hiyo ni dalili nzuri, ingawa mashine ya picha hana. Lakini akimlaza leo kwa dawa ya usingizi, haamki.

"Kupe wamemnyonya, na kidonda kimemalizia. Kwanza umpe dawa ya kupe na vidonge vya kuongeza damu, wiki nzima. Na siku ya kumpasua nitamwekea damu ya mbwa mwenzake."

"Mbwa anaongezewa damu?"

"Kama wewe tu."

"Ya nani?"

"Mbwa yeyote mkubwa, mzima, aliyechanjwa, asiye na kupe. Nitachanganya tone kwa tone nione kama zinapatana. Mara ya kwanza huwa hazina ugomvi mkubwa. Unaye?"

Chacha alikohoa nyuma yangu. Chacha ana mbwa anaitwa Komando, mkubwa kama ndama, mdogo wake anauza nyama na Komando anakula nyama kila siku ya Mungu. Ana vyeti vingi vya chanjo kuliko watu wengi ninaowajua.

"Yupo mmoja..." alianza.

"Nitatafuta," nikamkatiza.

Tulipokuwa njiani kurudi aliniuliza, "Komando ana kasoro gani?"

"Mkali."

"Atafungwa mdomo."

"Tutaona, Chacha. Endesha."

Jioni hiyo nilipanda juu kwenye kifusi, ndipo mtandao unaposhika, nikampigia Limi.

"Mama Loveness."

"Baba Loveness. Mhola?"

"Mhola duhu. Kulwa anapasuliwa."

Nikamweleza uvimbe, ufizi, vidonge, yote. Kisha nikasema, "Anatakiwa damu. Daktari anasema ya pacha wake."

"Ya pacha tu?"

"Ya pacha tu. Ya mbwa mwingine itagoma."

Nilidanganya hivyo, macho makavu. Nilisikia ng'ombe wakirudi nyuma yake, na sauti yake akimfokea ndama mmoja. Niliijua ile sauti ya kufoka, ndiyo aliyokuwa akiwafokea wasaga mawe wakitaka kukanyaga vyombo vyake.

"Kwenye mabasi hawapakii mbwa," alisema.

"Tafuta lori. Kahama ni katikati. Mimi natoka huku, wewe unatoka huko."

"Siku gani?"

Nikamtajia siku. Akasema atamuuliza mtu wa mashudu kama gari lake lina safari. Nilishuka kwenye kifusi nikafua shati ambalo halikuwa chafu.

Wiki ile Kulwa alilala chumbani kwangu. Nilimtoa kupe mmoja mmoja, nikawachoma kwenye kopo. Vidonge nilivificha ndani ya dagaa. Wasaga mawe walisema sasa nimeoa. Nikawaambia nilishaoa siku nyingi, wakarudi kwenye mashine, maana hawakutegemea nijibu.

*

Lori la mashudu lilifika kliniki jua likiwa linaelekea kuzama. Limi alishuka kutoka mbele, alikokaa na dereva, akazunguka nyuma, akamshusha Doto kwa kamba. Ndipo akageuka.

Alikuwa amepungua. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kipya. Na kwenye mkono wa kulia, juu ya kifundo, alikuwa na kovu refu nisilolijua. Nilimtazama usoni nikamsalimia, lakini lile kovu lilinikaa kichwani. Limetokea lini? Nani alimfunga kitambaa?

Kulwa alikuwa amelala kwenye kirikuu. Aliinua kichwa, akanusa, akajaribu kusimama akashindwa. Limi alimvuta Doto akampandisha pale pale garini, na mbwa wale wawili wakanusana kuanzia pua mpaka mkia, bila kelele. Doto alianza kulamba kile kidonda.

"Amekwisha huyu," Limi alisema polepole. "Mbona amekwisha hivi?"

"Anakula vizuri sasa. Ungemwona wiki iliyopita."

Ndipo akamwona Komando. Nilikuwa nimemkataza Chacha kumleta. Chacha hakatazwi. Komando alikuwa amefungwa kwenye chuma cha mbele cha gari, anang'aa, shingo kama ya dume la ng'ombe.

"Na huyu anaumwa?" Limi aliuliza.

"Haumwi, shemeji!" Chacha alijibu kwa furaha. "Huyu ni akiba. Si daktari alisema mbwa yeyote mzima? Nikasema huyo wa Mhunze akichelewa, Komando yupo."

"Mbwa yeyote," Limi alisema.

"Mkubwa, mwenye chanjo. Mimi nilimwambia mumeo tangu siku ile..."

"Chacha," nilisema, "umefunga mlango wa gari?"

"Mlango wa upande huo ulikatika mwaka jana, wewe si ndiye uliyeukata?"

Limi hakunitazama. Alikuwa anamkuna Kulwa nyuma ya masikio, taratibu, na mimi nilisimama pale nikingoja aseme neno. Angesema chochote ningekubali. Daktari Paskalia akatoka, akamkagua Doto, ufizi mwekundu, macho safi, akasema huyu ana damu ya kugawa na kubakiza. Alikuwa amepanga kuanza asubuhi mapema.

"Nani analala na mgonjwa?"

"Mimi," Limi alisema. "Nalala kwa Esta, mtoto wa mama mdogo, hapo Majengo. Ana ua."

"Sawa mama. Sikiliza: kuanzia sasa asile kitu. Kitu chochote. Maji kidogo tu, na alfajiri hata hayo uyaondoe."

"Nimesikia."

Mimi na Chacha tulilala gesti. Chacha alikoroma. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Limi kuhusu Komando, na kila nililolipanga lilikuwa la kijinga.

*

Asubuhi daktari alikuwa ameshavaa glovu. Meza imesafishwa, vyuma vimechemshwa, mfuko wa damu uko tayari.

"Hajala?"

"Hajala," Limi alijibu.

"Hata kidogo?"

"Hajala. Amekunywa maziwa tu."

Daktari alishusha mikono. "Maziwa saa ngapi?"

"Sasa hivi, kabla hatujatoka. Bakuli moja. Alikuwa ananiangalia."

"Mama, maziwa ni chakula."

"Maziwa ni maziwa."

"Mama..."

"Kwetu mtu akinywa maziwa kibuyu kizima, ukimuuliza atakwambia hajala. Muulize Baba Loveness."

Daktari alinigeukia. Nikasema ni kweli, kwetu ni hivyo, kula ni ugali. Na ni kweli, hata mimi nasema hivyo. Daktari alivua glovu moja baada ya nyingine. Alieleza bila ukali kwamba mbwa akitapika akiwa amelala, maziwa yanaingia mapafuni, anafia mkononi. Kwa damu aliyonayo Kulwa, hataki kubahatisha. Siku moja haitamdhuru. Tuje kesho.

"Kesho!" Chacha alipiga paja. "Viroba vyangu viko duarani! Shemeji, mbwa unampa maziwa kama mkwe?"

"Alikuwa ananiangalia," Limi alirudia.

Chacha alimpakia Komando akaondoka, akisema atarudi nikimwita, na kwamba Wasukuma na maziwa ni jambo la kuombewa. Tukabaki mimi na Limi kwenye benchi, na mbwa wawili kivulini.

Ilinichukua muda kukumbuka. Loveness alipokuwa mdogo alipasuliwa ngiri pale hospitali ya Geita. Muuguzi alisema asile. Mama yangu, asubuhi ile, alimletea mjukuu wake kikombe cha maziwa, na Limi ndiye aliyekinyang'anya kikombe kile mkononi mwa mama mkwe wake, mbele ya wodi nzima, akasema, "Mama, maziwa ni chakula." Maneno hayohayo. Mama alinuna juu ya jambo lile mpaka anaingia kaburini.

Nilimtazama Limi kwa pembeni. Alikuwa anafungua kifurushi.

"Nimekuletea michembe," alisema.

Michembe ya kwao, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vizuri, imepikwa na karanga. Nyarugusu michembe inauzwa, lakini ile ya sokoni ina mchanga. Nilikula nimeinama. Hakuna kitu duniani kinachonirudisha nyumbani kama michembe, na aliyeipika alikuwa amekaa karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya moshi wa kuni kwenye khanga yake.

"Hilo kovu ni la nini?"

"Jembe la kukokotwa. Ng'ombe alishtuka."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Hukuniambia."

"Uliuliza habari za Doto tu."

Lori lilipita likielekea Isaka, likatutimulia vumbi, nikakohoa.

"Unakohoa."

"Vumbi."

"Ufunge kitambaa mdomoni ukiwa kwenye mashine."

"Nafunga."

"Hufungi. Nakujua."

Sikubisha. Jua lilizunguka nyumba, tukahamisha benchi, likatukuta, tukahamisha tena. Alinisimulia ng'ombe aliyezaa, bei ya pamba ilivyowavunja moyo, jirani aliyehamia Katavi na mifugo yake yote. Sauti yake nilikuwa nimeizoea ikiwa simuni, imebanwa na kukatikakatika. Sasa ilikuwa nzima, na nilitaka aendelee kusema hata kama ni habari za mashudu. Neno nililotaka kumwambia lilikuwa fupi, mtoto wa miaka miwili analijua. Rudi. Nililisogeza mpaka kwenye meno.

"Michembe mizuri," nilisema.

"Ipo mingi."

Kisha akasema, "Nyumba ya mama nimeiezeka upya. Bati. Na chumba cha pili kina mlango sasa."

"Vizuri," nikasema. Nilidhani anaongea habari za mlango.

*

Kesho yake Kulwa alifika na tumbo tupu, anatutazama wote kwa lawama. Daktari alimnyoa Doto upande wa shingo, akachukua tone la damu yake, tone la Kulwa, akayachanganya kwenye kioo, akakiinamisha huku na huku kwenye mwanga.

"Zinapatana," alisema.

"Wangeanzaje kugombana," Limi alisema. "Wamenyonya chupa moja."

Kisha akasema jambo lililomchekesha daktari mpaka akashika meza. Alitaka Kulwa naye anyolewe shingo.

"Mama, Kulwa namnyoa tumbo. Shingo ya nini?"

"Doto amenyolewa shingo. Hawa ni mapacha, mwanangu. Huwezi kumfanyia mmoja."

"Na tumbo la Doto je?"

Limi alifikiri kwa dhati. "Tumbo samehe."

Daktari Paskalia alichukua mashine akamnyoa Kulwa shingo, akaipitisha mara mbili tatu, akasema tayari, sasa nyote tokeni. Sisi tukaenda nje, lakini dirisha lilikuwa na pazia fupi, na nilikuwa naona. Doto amelazwa ubavu, ametulia, damu inashuka kwenye mpira mwembamba, nyeusi, inaujaza mfuko. Baadaye mfuko ukatundikwa juu ya Kulwa, ikaanza kushuka upande mwingine. Limi alisimama karibu yangu akachungulia chini ya mkono wangu. Damu ya Mhunze ilikuwa inaingia kwenye mbwa wa Nyarugusu, na nilifikiri kama watu nao wangeweza kufanyiwa hivyo, mmoja alazwe hapa, mwingine hapa, mpira katikati, na kila kilichopungua kwa huyu kijazwe na yule, pasiwe na haja ya kutafuta maneno.

Daktari alipochukua kisu Limi aliliacha dirisha. Mimi nilikaa mpaka nilipoona uvimbe unatoka, unawekwa kwenye beseni, kisha na mimi nikaondoka.

Ilikuwa ndefu. Jua lilikuwa limeshika utosi daktari alipotoka akasema amemaliza kushona, moyo unapiga vizuri, kilichobaki ni kuamka. Kama hataamka jioni, basi.

Tulikaa sakafuni, kila mtu upande wake wa gunia alilolazwa Kulwa. Doto alijilaza akamwegemea. Ulimi wa Kulwa ulikuwa nje, lakini ulikuwa na rangi, rangi ya waridi niliyokuwa nimeisahau. Nilimwita. Kulwa. Kulwa. Nilimpigia mluzi ule wa kufukuzia wezi. Hakutikisa hata sikio.

Limi akainama, akamwambia kwa Kisukuma yale maneno aliyokuwa akiwaambia walipokuwa wadogo kuliko viatu vyangu, maneno ya kuwaita kwenye chupa. Miaka minne Kulwa hakuwa ameyasikia. Mkia ulisogea. Mara moja tu, kama mtu anayefuta vumbi. Kisha jicho likafunguka.

"Wabeja," Limi alisema, asante ya kwetu, sijui akimwambia Mungu, au daktari, au mbwa. Aliinuka akatoka nje haraka. Nilijua anakwenda kulia, na nilijua hapendi kufuatwa akilia, na miguu yangu ilitaka kumfuata hivyohivyo.

*

Nilikuwa nimejipanga kumpigia Chacha aje atuchukue mimi na Kulwa. Daktari akavuruga mpango.

"Baba, kwenye karasha harudi. Lile vumbi likiingia kwenye mshono, tumefanya kazi bure. Anatakiwa mahali safi, asikimbie, asilambe kidonda."

"Anakuja Mhunze," Limi alisema, kama jambo lililokwisha kuamuliwa siku nyingi.

Kulwa ndiye aliyekuwa kisingizio changu. Bila Kulwa sikuwa na cha kuulizia kwenye simu.

Daktari alimpa Limi mkasi mdogo ndani ya karatasi, akamwonyesha fundo la uzi linashikwa wapi na linakatwa wapi. Nyuzi zitolewe baada ya wiki mbili. Kama hawezi, arudi Kahama.

"Naweza. Nimeshashona hata ng'ombe."

"Lakini upate mtu wa kumshika kichwa. Peke yako hutaweza."

"Atapatikana," Limi alisema. Alikuwa analitazama lile lori la mashudu lililokuwa linageuza barabarani.

Tuliwapakia mbwa wote wawili juu ya turubai. Limi alipanda mbele. Dereva akawasha, na yeye akatoa mkono ule wenye kovu dirishani, akaupungia mlango au mimi, sijui. Nilisimama mpaka lori likapotelea upande wa Shinyanga.

Chacha alikuja kunichukua. Aliangalia nyuma ya gari, pakiwa patupu, akavua kofia.

"Pole sana, Maige."

"Hajafa. Kaenda Mhunze."

Akavaa kofia. "Sasa mbona una sura ya msiba?"

Nyarugusu karasha ilikuwa inanguruma kama kawaida. Kando ya mashine, pale alipokuwa akilala, vumbi lilikuwa limebaki na umbo lake. Nilipiga simu jioni ile.

"Kulwa anakula?"

"Anakula."

"Na Doto?"

"Naye."

Hapo ndipo maongezi yetu yalipokuwa yakiishia. Kwangu hapakuwa tena na mbwa wa yeye kumuulizia, na mimi nilikuwa nimeshawamaliza wa kwake. Nilisikia anapumua. Nikatazama kule mbali wanakoosha dhahabu, wameinama wote.

"Na wewe?" nikasema.

"Na mimi nipo," alisema. "Mlango wa chumba cha pili unakwaruza chini. Unataka randa."

Safari hii nilielewa.

Karasha nilimwachia Chacha aiangalie.

"Siku ngapi?"

"Sijui."

"Sijui ni siku ngapi?"

"Weka mafuta kila asubuhi, na usiruhusu mtu akae juu ya mkanda."

*

Mhunze nilifika asubuhi, wiki mbili zilipotimia. Kulwa alinisikia kabla sijafika kwenye miti ya minyaa, akabweka. Sauti yake kamili. Doto akamsaidia. Limi alitoka na mkasi mkononi, kama vile tulipeana miadi, akasema maji ya kunawa yako pale.

Tulimlaza Kulwa kwenye jamvi, mbele ya nyumba ile ya bati jipya. Nilimshika kichwa, nikaweka mkono wangu mwingine kwenye mabega yake. Limi alipiga magoti. Alishika fundo la kwanza, akakata, akavuta. Kulwa alinilamba kidole. Mshono ulikuwa umefunga safi, mstari wa waridi kwenye tumbo, na manyoya yalikuwa yameanza kuota. Shingoni pia, yeye na Doto, sawasawa.

Limi alifanya kazi bila haraka. Kila uzi aliuweka juu ya jani. Doto alikaa akitazama kama mkaguzi. Mimi nilikuwa natazama kitambaa cha kichwa cha Limi, kikiwa karibu na kidevu changu, na mvi chache pembeni ambazo hazikuwepo alipoondoka. Nilitaka mshono ule uwe mrefu mpaka Shinyanga.

Akakata wa mwisho.

"Tayari," alisema. Alifuta mkasi, hakuinua uso. "Unarudi lini?"

Ng'ombe walikuwa zizini, bado hawajafunguliwa. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi nusu, umekwama pale unapokwaruza.

"Kuna nyuzi zimebaki," nilisema.

"Zimeisha."

"Hujaangalia vizuri."

Limi alikitazama kile kidonda, kisafi, hakina hata uzi mmoja. Kisha akainama tena, akaanza kukipitisha kidole taratibu kutoka mwanzo, akitafuta.

"Mshike kichwa," alisema. "Usimwachie."